Mzee wa kanisani anataka kutuuzia ghorofa tunayopanga, nami nasita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Kwetu ni Voi, lakini sasa ni zaidi ya miaka kumi tangu tuhamie Lowell, Massachusetts. Ninafanya kazi katika makao ya wazee, zamu ya usiku, na mume wangu anaendesha lori. Tunapanga ghorofa ya pili katika zile nyumba za zamani za mbao za ghorofa tatu zilizojaa huku, familia moja kila ghorofa, na vibaraza vya nyuma vimepandana kama droo. Tumekaa humu miaka sita.

Miaka miwili iliyopita nyumba ilinunuliwa na mzee mmoja wa kanisani kwetu. Ni mtu wa heshima zake. Tulipofika Marekani hatujui mtu, yeye na mkewe ndio waliotupokea, wakatupa magodoro na makoti ya baridi. Majuzi alituita akatuambia kwamba hataki tena nyumba ya kupangisha yote kwa pamoja. Anaigawa iwe kondominiamu, kila ghorofa iwe na hati yake, na ghorofa ya pili ameamua atuuzie sisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Bei ni dola 310,000. Anasema kwa mtu wa nje angetaka 340,000, na sidhani anadanganya, kwa sababu nimeona za majirani zinavyouzwa.

Ghorofa ya tatu ilikuwa tupu na ameshaitengeneza. Makabati meupe, kaunta za mawe, sakafu inang'aa. Yetu ataifanya vivyo hivyo. Ya kwanza na ya tatu atabaki nazo mwenyewe kwa sasa, azipangishe.

Tuna akiba ya dola 27,000. Sehemu ni zangu za chama, sehemu ni pesa tulizokuwa tunaweka kumalizia nyumba ya wazazi wa mume wangu kule Voi. Afisa wa mikopo ametuambia tukitoa kianzio cha asilimia 5, yaani dola 15,500, tunapata mkopo. Ukijumlisha mkopo wenyewe, kodi ya jiji, bima na ada ya jengo ya dola 150, tutalipa kama 2,500 kwa mwezi. Kodi tunayolipa sasa ni 1,900.

Shangazi, mbona moyo hautulii?

Nilipomwambia mzee kwamba nitaleta mkaguzi wa nyumba, alicheka kwa upole akasema, "Mwanangu, umekaa humu miaka sita, mkaguzi akuonyeshe nini?" Akasema pia tusipoteze pesa kutafuta wakili, wakili wake atatushughulikia sote. Sikujibu kitu. Lakini mimi ninajua kwamba kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka, maji huchuruzika ukutani karibu na dirisha la chumba cha watoto. Hupakwa rangi, na mwaka unaofuata yanarudi palepale. Na ngazi ya kibaraza cha nyuma ina ubao unaobonyea ukiukanyaga. Watoto wamezoea kuuruka.

Kuna jambo jingine. Ghorofa ya kwanza anakaa bibi mmoja wa Kikambodia, amekaa humo tangu kabla yetu. Ndiye aliyekuwa akinishikia mdogo nikirudi kazini asubuhi sijiwezi kwa usingizi. Amepewa barua ya kuhama kufikia mwisho wa Juni. Alinionyesha nimsomee. Nilimsomea huku nikiwa na karatasi ya bei ya nyumba yetu kwenye mkoba. Ninahisi kama ninajengea furaha yangu juu ya machozi yake.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema nyumba ya mbao ya watu watatu si nyumba, pesa ziende Voi kwenye tofali. Dada yangu aliye Worcester ananiambia kila siku kwamba kodi ni pesa ya kutupa na bahati kama hii hairudi. Mzee anataka jibu mwisho wa mwezi.

Nikikataa, atamuuzia mwingine nasi tutatolewa. Nikikubali, naogopa nisichokijua. Nikiuliza maswali mengi, nitaonekana sina shukrani. Nisaidie.

Mpangaji wa ghorofa ya pili, Lowell

* * *

Marahaba mwanangu. Na pole kwa hizo zamu za usiku.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Umeandika mengi juu ya mzee, wema wake, maneno yake, hofu yako ya kumkwaza. Juu ya nyumba yenyewe umeandika kidogo, na jambo moja umelipitia haraka kama mtu anayetaja hali ya hewa. Umesema ghorofa ya kwanza na ya tatu atabaki nazo yeye. Mimi hapo ndipo niliposimama, na naomba tusimame pamoja kidogo.

Kwa sheria ya Massachusetts, ambayo imekuwapo tangu 1963 na wanasheria wanaiita Sura ya 183A, ukinunua kondominiamu unapata vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni sehemu yako ya ndani, vyumba vyenu. Cha pili ni fungu la asilimia katika vyote vinavyobaki: paa, mbao zinazoshikilia jengo, ngazi, vibaraza, besimenti, uwanja. Fungu hilo limeandikwa kwenye hati mama ya jengo, ile inayoligawa kuwa ghorofa za kuuzwa, na huwezi kulitenganisha na vyumba vyako. Ikiwa ghorofa zenu zinakaribiana thamani, wewe utakuwa na kama theluthi moja, naye theluthi mbili.

Leo ubao wa kibaraza ukioza, kuutengeneza ni wajibu wake kama mwenye nyumba, na gharama ni yake. Siku ukishanunua, mambo hayo yataamuliwa na umoja wa wamiliki. Umoja huo utakuwa watu wawili, wewe na yeye, na mmoja wenu ana ghorofa mbili. Akisema paa lisubiri, litasubiri hata kama maji yanaingia chumbani kwa wanao. Akisema litengenezwe sasa, utadaiwa fungu lako hata kama mwezi huo huna kitu, na usipolipa deni hilo linakaa juu ya nyumba yako, na umoja unaweza kulidai mahakamani mpaka nyumba iuzwe. Na yeye ni mzee. Akifariki, au akiamua kurudi nyumbani na kuuza ghorofa zake mbili, utajikuta unagawana paa na watoto wake, au na mwekezaji ambaye hajawahi hata kukusalimu.

Sisemi hivyo kumtilia shaka. Mtu aliyewapa makoti ya baridi mlipokuwa wageni ana haki ya kuheshimiwa maisha yenu yote. Lakini naona umekuwa ukijiuliza kama yeye ni mwaminifu, na nadhani jibu la hilo unalo tayari. Swali ambalo hujapata jibu lake ni hili: mkigawanyika, nani anaamua? Linajibiwa na maandishi. Kuna hati mama, na kuna kanuni za umoja wa wamiliki. Nyumba ndogo kama yenu zaweza kuandika kwamba kila ghorofa iwe na mdhamini wake, yaani mwakilishi mwenye kauli katika umoja, kwamba matengenezo makubwa yahitaji ridhaa ya wote au yapelekwe kwa msuluhishi mkishindwana, na kwamba lolote linalohatarisha usalama litengenezwe bila kusubiri kura. Zaweza pia kuandika kwamba mwenye asilimia kubwa ndiye msemaji wa yote. Hujaniambia zenu zinasemaje. Pengine hata hazijaandikwa.

Hilo unaweza kulijua bila kumuuliza mtu. Ofisi ya usajili wa hati ya Middlesex Kaskazini iko hapo hapo Lowell, na kumbukumbu zake ziko wazi kwa kila mtu, hata kwenye intaneti. Tafuta kwa anwani ya nyumba. Kama hati mama haijasajiliwa, basi kisheria ghorofa ya pili bado haipo kama mali inayoweza kuuzwa peke yake, na unachoombwa kukubali mwisho wa mwezi ni ahadi ya kitu kitakachokuja. Hiyo si dhambi, watu hufanya. Ila ujue unakubali nini.

Sasa hiyo ada ya dola 150. Mpangaji akiona ada ndogo hufurahi, nami nakuomba uiangalie kwa jicho la mmiliki. Ghorofa tatu mara 150 ni 450 kwa mwezi, yaani 5,400 kwa mwaka. Humo itoke bima kuu ya jengo, maji, taa za ngazi, mtu wa kukwangua theluji. Kinachobaki ndiyo akiba ya jengo, na huenda kisibaki kitu. Halafu siku ya paa inafika. Tuseme fundi ametaka dola 24,000. Fungu lako ni 8,000, na kwa kuwa akiba haipo, mtaitishwa mchango maalum.

Piga hesabu ya mfuko wako. Ukitoa kianzio, katika 27,000 unabaki na 11,500. Gharama za kufunga mauzo huku mara nyingi ni kati ya asilimia 2 na 5, kwa bei yenu ni kama 6,200 hadi 15,500. Ikiwa za chini, utaingia nyumbani ukiwa na dola 5,300. Ikiwa za juu, pesa hazitatosha hata kufika siku ya saini. Mwombe afisa wa mikopo akupe makadirio ya maandishi, mstari kwa mstari. Anatakiwa kukupa.

Na usiseme moyoni kwamba benki isingekubali kama jengo lina kasoro. Kwa majengo makubwa wakopeshaji huwa wanachungulia vitabu vya umoja, na wengi hutaka angalau asilimia 10 ya bajeti iende kwenye akiba. Walikaza zaidi baada ya jengo la Champlain Towers South kuanguka Surfside, Florida, Juni 24, 2021, na kuua watu 98, jengo ambalo wamiliki wake walikuwa wamevutana kwa miaka juu ya gharama za ukarabati. Lakini kwa majengo yenye ghorofa mbili hadi nne za kuuzwa, Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo mingi ya nyumba Marekani, husamehe uchunguzi huo wa jengo. Maana yake ni kwamba kibali cha mkopo wako kinawasema wewe na mume wako, kipato chenu na madeni yenu. Kuhusu paa, huenda hakuna aliyeangalia.

Ndiyo maana namrudia mkaguzi. "Umekaa humu miaka sita, akuonyeshe nini?" Ni swali zuri na lina jibu. Wewe unaijua ghorofa ya pili. Ulishawahi kupanda darini? Unajua umri wa boila, au nyaya zilizomo ndani ya kuta ni za miaka gani? Nyumba hizi nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1880 na 1920, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Kaunta ya mawe inaweza kuwekwa mbele ya nyaya za kizamani zilizozungushwa kwenye vigingi vya kauri, na jikoni ikapendeza vilevile. Nenda pia ofisi ya jiji inayosimamia majengo, uliza kama ghorofa ya tatu ilitengenezwa kwa vibali vya umeme na mabomba. Ukipata majibu ya huko, utajua yenu itatengenezwa namna gani.

Yale maji ya dirishani nayo yanazungumza. Mara nyingi chanzo huwa hiki: joto la ndani hupenya darini, likayeyusha theluji juu ya paa, maji yakishuka yakafika ukingoni penye baridi huganda, barafu hiyo ikawa kizuizi, na maji yanayofuata yakakosa pa kwenda ila chini ya vigae na ndani ya kuta. Ikiwa ndivyo, kupaka rangi chumba cha watoto hakutibu kitu. Tiba iko darini na ukingoni mwa paa, juu ya ghorofa ya tatu, mahali ambapo ukishanunua utakuwa na theluthi moja ya kauli. Mkaguzi atakuambia kama ndiyo hiyo au ni nyingine. Mpeleke besimenti, mpeleke darini, mwonyeshe na ule ubao. Angalizo dogo: kama watoto wameuzoea kuuruka, wazoesheni kutopita huko kabisa mpaka utengenezwe, na mwandikie mzee leo hii kama mpangaji. Hilo halina uhusiano na kununua.

Sheria pia iko upande wako hapa. Tangu Oktoba 15, 2025, kanuni za Massachusetts hazimruhusu muuzaji wa nyumba ya kuishi kuweka sharti kwamba mnunuzi aache ukaguzi, isipokuwa kwa mauzo machache kama yale ya ndani ya familia. Zaidi ya hapo, nyumba yenu ni ya kabla ya 1978 na una mtoto wa miaka minne. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo taratibu bila dalili za haraka. Mnunuzi huku anapewa siku 10 za kupima risasi kabla ya kufungwa na mkataba, na mwenye nyumba inayokaliwa na mtoto wa chini ya miaka sita anatakiwa na sheria ya jimbo kuiondoa au kuifunika hatari hiyo. Leo mwenye wajibu huo ni mzee. Ukinunua, kwa vyumba vyako, ni wewe. Uliza kama nyumba ina barua ya kuthibitisha kwamba ilishashughulikiwa, na kwa vyovyote daktari ampime mdogo damu kama hajapimwa karibuni.

Kuhusu wakili nitasema kwa ufupi. Wakili wa mzee anafanya kazi ya mzee, na akiwa mtu mwadilifu atakuambia hivyo mwenyewe. Wa benki anailinda benki. Tafuta wako, awe amezoea kondominiamu ndogo, na umwone kabla ya kutia saini karatasi yoyote, hata ile fupi ya ofa. Mahakama za jimbo hilo zimewahi kuihesabu ofa iliyokubaliwa kuwa mkataba kamili.

Najua unachowaza: nitamwambiaje mzee? Wewe ni mtu wa Voi, unajua namna ya kuzungumza na wakubwa. Nendeni wote wawili, wewe na baba watoto, nyumbani kwake, mkewe akiwepo. Unaweza kusema hivi: "Mzee, tunashukuru umetufikiria sisi kwanza. Kwa kuwa tutakuwa tunamiliki jengo moja na wewe, tungependa kila kitu kiandikwe vizuri, ili hata watoto wetu na watoto wako wasije wakagombana. Tunaomba tusome hati mama na bajeti ya jengo, na tunaomba mkaguzi aje siku utakayopanga wewe." Hakuna utovu wa shukrani hapo. Kisha msikilize anavyojibu. Huenda hajafikiria kabisa. Watu wengi wanaogawa nyumba kwa mara ya kwanza wanajifunza njiani kama nyinyi. Huenda akakubali kubadilisha maandishi ya kura, au kuweka pesa za mwanzo kwenye akiba ya jengo, au kutengeneza paa kabla ya kuuza. Hiyo punguzo ya 30,000 inaweza hata kuzungumzwa upya: pengine ungependelea alipe paa kuliko apunguze bei. Na huenda akakasirika. Akikasirika itakuuma, nami sitajifanya haitakuuma. Lakini utakuwa umejua kikao cha umoja kitakavyokuwa.

Tuje kwa bibi. Umesema unajenga juu ya machozi yake. Nataka kukuuliza: ukikataa kununua ghorofa ya pili, yeye atabaki ya kwanza? Kutokana na ulivyoeleza, barua yake imetoka kwa uamuzi wa mzee wa kugawa nyumba, na uamuzi huo hausubiri jibu lako. Sikuambii kwamba huna hisia za haki. Pesa yako ingesaidia mpango huo kwenda, na hilo limekukaa rohoni kwa sababu una roho. Lakini kukataa na kununua si njia pekee za kuwa jirani mwema kwake.

Massachusetts ina sheria ya 1983 inayowapa wapangaji muda wa mwaka mmoja, na miwili kwa wazee, walemavu na wenye kipato kidogo, jengo linapogeuzwa kuwa kondominiamu. Kwa bahati mbaya sheria hiyo inashika majengo ya nyumba nne na zaidi, na yenu ni tatu. Hata hivyo barua aliyopewa si amri. Huku hakuna anayeweza kumtoa mpangaji ila mahakama, na kama hana kosa, hakimu anaweza kumwongezea muda, hadi miezi 12 kwa aliyefikisha miaka 60 au mwenye ulemavu. Mpeleke Northeast Legal Aid, wanahudumia Lowell na hawatozi wasio na uwezo. Wewe ulimsomea barua. Ukienda naye, atakuwa na mtu anayemfahamu pembeni yake.

Nawe pia jifariji kwa sheria hiyohiyo. Ile hofu kwamba ukikataa mtatolewa ina ukweli ndani yake, maana mnunuzi mwingine anaweza kutaka kuingia. Haitakuwa mwisho wa mwezi, wala haitakuwa kwa barua tu. Una muda zaidi ya ule uliopewa. Mwisho wa mwezi ni tarehe ya mzee, na tarehe huombwa kusogezwa.

Dada yako anasema kodi ni pesa ya kutupa. Anakutakia mema. Mwambie lakini kwamba miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya malipo ya mkopo nayo huenda kwenye riba, kodi ya jiji na bima, na hizo hazirudi. Faida ya kununua ipo, hasa mkikaa miaka mingi, na kuna utulivu wa kujua hakuna atakayekupa barua ya kuhama. Utulivu huo ni kitu halisi kwa mama mwenye watoto shuleni. Uwekeni mezani pamoja na hizo hesabu nyingine.

Na baba watoto? Umeandika kwamba hataki kusikia, lakini maneno yake umeyanukuu vizuri: nyumba ya mbao ya watu watatu. Mimi nasikia mtu aliyeiona hatari ileile ya kumiliki pamoja, ila ameisema kwa lugha ya tofali. Pia nasikia mtoto ambaye wazazi wake wanangoja nyumba. Sehemu ya hizo 27,000 mlikubaliana ni ya wazazi, na kuihamisha kunahitaji ridhaa yake ya kweli, asinyamaze tu kwa kuchoka kubishana. Muulize anaogopa nini hasa. Kisha mjaribu jambo hili: kuanzia mwezi huu ishini kana kwamba mmeshanunua. Lipeni kodi 1,900, na zile 600 za tofauti ziwekeni pembeni zisiguswe. Ikiwa baada ya miezi mitatu mnazikopa, mmejifunza kitu. Ikiwa zinakaa, mna akiba ya paa.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina miiba yake. Wapo wanaonunua kondominiamu katika majengo makubwa, hata vile viwanda vya zamani vya pamba vilivyogeuzwa makazi hapo Lowell. Ada ni kubwa, lakini kuna msimamizi, kuna vitabu vya miaka iliyopita vya kusoma, na hakuna mmoja mwenye theluthi mbili. Wapo ndugu wanaounganisha nguvu wakanunua nyumba nzima ya familia mbili, wakaishi upande mmoja na kupangisha mwingine. Kauli inakuwa yenu, mzigo wote pia unakuwa wenu, na wewe na dada yako mngehitaji maandishi kuliko hata wewe na mzee. Wapo wanaosubiri. Kwa kusubiri, bei zinaweza kupanda, lakini mnaweza pia kuhitimu mkopo wa ONE Mortgage, wa wanunuzi wa mara ya kwanza wenye kipato cha wastani, ambao kianzio chake kwa kondominiamu ni asilimia 3 na hauna ile bima ya mkopo ya kila mwezi, inayomlinda mkopeshaji. Kabla ya kuupata lazima upite darasa la wanunuzi. Merrimack Valley Housing Partnership wanaendesha madarasa hayo huko huko Lowell. Nendeni wote wawili hata kama mmeamua kutonunua. Baba watoto atasikia mambo haya kutoka kwa mtu asiye mke wake, na wakati mwingine hiyo husaidia.

Sikuambii nunua, wala sikuambii acha. Kuna mahali ambapo ghorofa hii ni zawadi: hati mama imeandikwa kwa haki, paa limetengenezwa, risasi imepimwa, mfuko wenu una pumzi, na mume wako ameweka jina lake kwa hiari. Kuna mahali pengine ambapo ghorofa hiyohiyo, kwa bei hiyohiyo, ingewaondolea usingizi na kuwagombanisha na watu waliowapokea. Karatasi ulizonazo leo hazitoshi kujua uko wapi kati ya hapo.

Anza na ofisi ya usajili; unaweza kuingia kwenye tovuti yao ukiwa kazini, wakati wa mapumziko ya usiku. Ukiipata hati mama, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa asilimia na ule wa wadhamini, ukaandike maswali yako pembeni kwa ajili ya wakili. Usipoipata, hilo ndilo la kwanza la kumuuliza mzee. Niandikie tena, na mwambie baba watoto naye aandike kama ana la kusema. Nitamsoma kwa moyo uleule.